Betri mbili kwenye gari la safari: namna ya kufunga, kuchaji na kupima bila kulala porini

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma kidogo nilijifungia betri ya pili kwenye mkonga wangu, Land Cruiser hardtop yenye injini ya 1HZ, tukatoka Tanga mjini mi na jamaa zangu wawili kwenda Ushongo kule ng'ambo ya mto Pangani, tulale siku mbili tuvue turudi. Friji nyuma limejaa kolekole na soda. Usiku wa kwanza, saa nane hivi, friji likazima. Betri mpya kabisa N100, imetoka dukani wiki hiyo hiyo. Nikajua nimeuziwa feki, nikaitukana weee, alafu kwa akili za usingizi nikachomoa plagi ya friji nikaichomeka kwenye soketi ya kiberiti pale mbele, ufunguo nikauacha umegeuzwa nusu ili samaki wasiharibike, nikarudi zangu kulala. Asubuhi nageuza ufunguo: tik, tik, tik. Mkonga kwenye mchanga hausukumiki nyie, tumekaa tunaangaliana mpaka saa nne lilipopita lori la nazi ndo likatushtua.

Betri haikuwa feki. Niliporudi nyumbani nikashika mita, injini inaunguruma, napima mbele kwenye betri ya stata napata 13.9, naenda nyuma kwenye betri ya pili napata 12.9. Volti moja nzima imepotea njiani! Imepotea kwenye waya wa 4 (namba za waya humu ni unene kwa milimita za mraba) niliotandaza chini ya kapeti kwa sababu ndo uliokuwepo stoo. Kwahiyo ile betri ilitoka dukani haijajaa, ikapata lisaa limoja la chaji dhaifu kutoka Tanga mpaka Pangani, alafu nikaibebesha friji usiku kucha. Ingefanyaje?

Ndo maana humu utaona naongelea waya kuliko betri. Wateja wengi wanaokuja wameshanunua betri ya hela nyingi na mashine ya hela nyingi, alafu kilichounganisha hivyo viwili ni waya wa taa za sebuleni.

Tukubaliane majina kwanza. Betri iliyokuja na gari, inayowasha injini, naiita betri ya stata. Ya pili, ya friji na taa na simu, naiita betri ya kambi. Kazi yote tunayoifanya ni hii: injini ikiwaka betri zote mbili zichajiwe, injini ikizima betri ya kambi iliwe peke yake na ile ya stata isiguswe hata kidogo.

KARATASI NA KALAMU KWANZA

Usiende dukani kabla hujapiga hesabu. Friji la kompresa la lita 40 mpaka 50 likiwa linaunguruma linavuta kama ampea 4 hivi, ila haliungurumi muda wote, linawaka linazima. Lushoto kwenye baridi linapumzika sana, Tanga mwezi wa pili ndani ya gari lililofungwa vioo karibu halipumziki. Mi huwa naweka wastani wa ampea 2 kwa siku nzima, mara masaa 24, unapata Ah 48 (Ah ni ampea mara masaa). Taa mbili za LED za wati 5 kila moja ni wati 10, gawa kwa 12 ni kama ampea 0.8, ukiwasha masaa matano ni Ah 4. Simu nne weka Ah 1.5 kila moja, jumla 6. Laptop kupitia invata, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, weka 7, maana invata yenyewe inakula chake. Jumla Ah 65 kwa siku.

Sasa betri ya asidi ya Ah 100 haikupi 100, inakupa 50 kama unataka idumu, ukizidi nusu kila siku unaiua taratibu. Yani hiyo 65 yako haivuki hata siku moja kamili. Lithiamu ya Ah 100 inakupa 80 mpaka 90 bila kulalamika, siku moja na kidogo. Kwahiyo mtu anayelala sehemu moja siku mbili bila kuwasha gari anahitaji sola, awe na betri gani awe nayo, hapo hamna ubishi.

BETRI IPI

N70 ya kawaida ya gari usiiweke kambi. Najua ipo, najua shemeji yako anayo haitumiki, lakini sahani zake ndani ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa umeme mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini alafu zijazwe hapo hapo. Ukiishusha mpaka nusu kila usiku inakufa mapema sana.

Betri ya maji ya sola inafanya kazi na ni ya bei nafuu, ila inatoa gesi ya haidrojeni ikichajiwa, na hiyo gesi inalipuka, kwahiyo haikai ndani mnapolala au mnapokaa, labda iwe kwenye boksi lililozibwa lenye mpira wa kupumulia unaotoka nje ya bodi. AGM nayo ni ya asidi ila imezibwa, haina maji ya kuongeza, unaweza kuiweka hata nyuma ya siti, lakini ni nzito, ya Ah 100 ni kama kilo 30. Lithiamu, namaanisha ile ya LiFePO4, ina kama kilo 12 kwa Ah hizo hizo, na ndani ina kompyuta yake ndogo inayoikatia umeme ikizidiwa. Haipendi joto la kwenye boneti, usiiweke pale kabisa.

Ukiniuliza mimi: unaendesha kila siku, unalala sehemu tofauti kila usiku, AGM inakutosha. Unapenda kuweka kambi Saadani au Mkomazi ukakaa, jikaze ununue lithiamu. Ila ukiamua lithiamu jua kwamba mita ya kupima volti haikusaidii tena kujua imebaki kiasi gani. Betri ya asidi iliyopumzika masaa machache ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 imekwisha, hesabu imenyooka. Lithiamu inakaa 13.2 hivi karibu muda wote alafu mwishoni inadondoka ghafla kama embe. Inataka ile mita ya shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, na shanti inakaa upande wa hasi, na hasi ZOTE za kambi lazima zipite hapo, ukiunga hata taa moja pembeni yake hesabu inadanganya.

NJIA ZA KUCHAJI

Kabla ya yote fungua boneti uangalie gari lako ni volti ngapi. Kuna dizeli zinatoka kiwandani na betri mbili tayari, nyingine zimeungwa chanya kwa chanya zinabaki 12, nyingine zimeungwa msururu zinakuwa 24. Usidhani, pima. Kama ni 24 usithubutu kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili, utaila moja na nyingine itachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa. Hapo unatafuta mashine ya kushusha 24 kwenda 12 inayochaji.

Alafu pima alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka. Washa gari likiwa baridi soma volti kwenye betri ya stata, endesha nusu saa, soma tena ukiwa umewasha taa, soma tena ukiwa umezima. Magari ya zamani kama 1HZ yatakaa 13.8 mpaka 14.4 muda wote. Magari mapya mengi alteneta inaongozwa na kompyuta, betri ikishajaa inashusha mpaka 12 na kitu kuokoa mafuta. Ukikuta hivyo njia ya rilei, ile swichi inayojiunga yenyewe kwa volti nitakayoieleza hapo chini, isahau.

Kuna swichi ya mkono, ile kubwa nyekundu. Ni rahisi, ni imara, na siku moja utasahau kuizima. Mi sifungi tena.

Kuna rilei inayosikia volti. Betri ya stata ikifika kama 13.3 au zaidi rilei inajua injini inawaka, inaunga betri zote mbili, volti ikishuka kwenye 12.8 inaachia. Kwa gari la zamani lenye AGM au betri ya maji nyuma inafanya kazi safi na haina mambo mengi ya kuharibika. Kasoro yake ni kwamba inapitisha kilichopo tu, haiongezi. Alteneta ikitoa 13.9 na waya ukala 0.4, nyuma inafika 13.5, na AGM inataka kufika 14.4 mpaka 14.7 ili ijae kweli kweli. Kwahiyo utaishi na betri iliyojaa robo tatu.

Na kuna chaja ya DC kwenda DC. Hii inapokea umeme wowote unaofika, hata kama ni 12.5, inaupandisha na kuupanga kulingana na aina ya betri uliyoichagua, na inazuia umeme usirudi mbele. Nyingi zina tundu la sola humo humo. Majina yanayojulikana ni Redarc, Victron, Ctek na mengineyo, cha muhimu iwe na mpangilio wa betri yako. Kwa lithiamu hii sio anasa, ni lazima, kwa sababu lithiamu tupu ukiiunga moja kwa moja na alteneta inafyonza kila kinachotoka, na alteneta iliyopo sailensi (gari limesimama linaunguruma tu) haina upepo wa kutosha kujipoza, inaungua waya za ndani.

Saizi je? Chukua alteneta ya ampea 80. Taa, feni, AC, redio vinakula 30 mpaka 40. Kwahiyo chaja ya 25 ndo saizi yake, ukiweka ya 50 unaibana alteneta shingo. Na fanya hesabu ya barabara pia: chaja ya 25 kwa lisaa inakupa Ah 25, sasa Tanga mpaka Pangani ni kama kilomita 50, umefika umepata robo ya betri tu. Tanga mpaka Lushoto masaa matatu na kitu, hapo lithiamu iliyokuwa nusu umefika imejaa. AGM bado, maana ile asilimia 20 ya mwisho inaingia polepole masaa kwa masaa, huwezi kuiharakisha hata ukiweka chaja kubwa kama nyumba.

WAYA, HAPA NDO PENYEWE

Shaba ina ukinzani. Hesabu yake sio ngumu: chukua 0.0175, zidisha kwa urefu wa waya kwenda NA kurudi kwa mita, gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba, alafu zidisha kwa ampea. Jibu ni volti unazopoteza.

Ule wa kwangu wa Ushongo: mita 6 kwenda, 6 kurudi, jumla 12. Mara 0.0175 ni 0.21. Gawa kwa 4 ni 0.0525. Kwa ampea 20 ni volti 1.05. Ndo ile volti yangu moja iliyopotea, kama ningekaa chini na kalamu dakika mbili tungekula kolekole kwa raha zetu. Njia hiyo hiyo kwa waya wa 16 unapoteza 0.26, kwa waya wa 25 unapoteza 0.17.

Kwahiyo: chaja ya DC ya 25 au 30 iliyofungwa karibu na betri ya kambi nyuma, kebo ya 16 kutoka mbele inatosha. Rilei peke yake, kebo iwe 25 na ikiwezekana 35, kwa sababu betri tupu ikikutana na iliyojaa dakika za mwanzo zinaweza kupita ampea 60 na zaidi.

Waya wa nyumba usitumie. Nyuzi zake ni chache na ngumu, gari linatikisika, zinakatika moja moja ndani ya plastiki hujui. Kebo ya mashine ya kuchomelea ni nzuri sana, laini, nyuzi nyingi mno, ila kwangua na kisu kabla ya kulipa, ikiwa nje nyekundu ndani nyeupe hiyo ni alumini imepakwa rangi ya shaba, iache hapo hapo dukani. Ukipata ile shaba iliyopakwa bati ndo bora zaidi kwa sisi wa pwani, shaba tupu kwenye hewa ya chumvi inageuka nyeusi alafu kijani.

Na hasi nayo. Wengi wanavuta kebo nene ya chanya mpaka nyuma alafu hasi wanaifunga kwenye bolti yoyote ya bodi. Bodi ya Land Cruiser imekaa juu ya chesisi kwa mipira, kinachoziunganisha kwa umeme ni vile vikanda vya eathi, na gari la Tanga vile vikanda vimeshaliwa na kutu. Vuta hasi yako ya unene ule ule mpaka kwenye betri ya stata. Ni hela ya kebo mara mbili, ndio.

Fyuzi. Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa, shika hilo. Na kwa sababu una betri mbili, kebo ya katikati ina umeme kutoka pande zote mbili, ikikatwa au kuchunika popote inawaka moto kutoka mbele na kutoka nyuma. Kwahiyo fyuzi mbili, moja kila upande, karibu na betri kabisa, isizidi shibiri moja. Kwa chaja ya 25 na kebo ya 16 mi naweka fyuzi za 50. Kwa rilei na kebo ya 25, fyuzi za 100. Zile breka za plastiki za kubonyeza za bei rahisi sizitumii, kwenye joto la boneti zinaachia zenyewe na nyingine zinapata moto bila kuachia, fyuzi ya kufunga na nati haina janja janja.

Kuna mzee mmoja aliniletea Prado yake, shikamoo, marahaba mwanangu, anasema kuna harufu kama ya mpira ukipita kwenye matuta. Alifungiwa huko alikofungiwa, mi sikuuliza. Nilivyotoa siti ya nyuma nikakuta waya mwekundu wa nyumba wa 2.5 umepita chini ya reli ya siti, plastiki imetafunwa upana wa kucha, na chuma cha reli pale kimepata doa jeusi kama mtu kazima sigara. Fyuzi? Hamna. Gari lilikuwa linasubiri tuta moja kubwa tu.

KUFUNGA SASA

Vua pete na saa. Sitanii, spana ikigusa chanya na pete ikigusa bodi, pete inakuwa nyekundu kidoleni. Zungushia spana yako tepu mpini wote ibaki mdomo tu.

Hatua ya 1. Toa hasi ya betri ya stata kwanza, alafu ndo chanya. Kurudisha ni kinyume, chanya kwanza hasi mwisho. Gari lenye redio ya kodi hakikisha kodi unayo.

Hatua ya 2. Funga betri ya kambi ikae kisawasawa. Kilo 30 zikiruka kwenye ajali zinaua mtu, kwahiyo sio kamba ya katani (najua ndo mji wetu wa mkonge lakini hapana), ni trei ya chuma yenye bolti mpaka kwenye chesisi au sakafu yenye bati la kuongeza nguvu chini, na mkanda wa chuma juu usioweza kugusa vichwa vya betri. Barabara ya vumbi yenye mawimbi ukiipita lisaa limoja inalegeza kila kitu, weka nati zenye nailoni.

Hatua ya 3. Pitisha kebo. Tafuta tundu lililopo tayari la kuingia ndani lenye mpira wake, ukitoboa jipya weka mpira, bati likibaki wazi linakata kebo kama wembe. Vika kebo yote bomba lile la plastiki lenye mikunjo, kaa mbali na ekzosti, mbali na waya wa handbreki, mbali na steringi, na banisha kila shibiri moja na nusu. Usipite chini ya reli ya siti, mnajua kwa nini.

Hatua ya 4. Vichwa vya kebo, vile vya shaba tunaita lagi. Bana na mashine ya haidroliki ya kubania, sio nyundo, sio koleo. Huna mashine, peleka kebo kwa fundi mwenye nayo akubanie, ni dakika kumi. Ukishabana vuta kwa nguvu zako zote, ikitoka ilikuwa haijabanwa. Alafu vika ule mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani, ili chumvi isipite.

Hatua ya 5. Funga chaja ya DC, nyuma karibu na betri ya kambi, sehemu yenye hewa kwa sababu inapata moto, mbali na maji ya kuvuka mito. Kebo ya kutoka mbele inaingia upande wa kuingilia, ya kwenda betri ya kambi upande wa kutokea, hasi ya pamoja. Kama gari lako ni la alteneta inayoshuka volti, kuna kiwaya chembamba cha kuvuta kutoka kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa on tu, kiwekee fyuzi ndogo. Chagua aina ya betri kwenye chaja SASA hivi kabla hujasahau.

Hatua ya 6. Boksi la fyuzi la kambi. Kila kifaa na fyuzi yake, friji liwe na waya wake wa 6 peke yake na fyuzi ya 15. Na tafadhali plagi ya kiberiti usiitumie kwa friji, kwenye mashimo inajitoa nusu, inapata moto, friji linaona volti ndogo linajizima nawe unalaumu betri. Weka plagi ya Anderson ya ampea 50 ile ya kijivu, inashika kama taya za mamba.

Hatua ya 7. Rudisha betri, fyuzi kubwa ziwe za mwisho kabisa. Ukiweka fyuzi ya mwisho ikatoa cheche kubwa, simama, kuna kitu kimegusana.

KUPIMA

Watu wakishaona taa imewaka wanapakia ndoo na magodoro wanaondoka. Subiri.

Washa injini, hakikisha chaja au rilei imeanza kazi. Hapa unataka mita yenye waya mrefu: ncha moja kwenye chanya ya betri ya stata, ncha nyingine kule chanya inapoingia kwenye chaja, au kwenye chanya ya betri ya kambi kama umeweka rilei. Inachosoma ni kile unachopoteza kwenye chanya. Rudia hasi kwa hasi. Kila upande ukipata chini ya 0.2 lala salama. Ukipata 0.5 kuna lagi mbovu au nati imelegea, shika kila kiungo kwa mkono baada ya dakika 15, kilichokuwa cha moto ndo mwizi wako.

Alafu zima injini, acha lisaa, andika volti ya betri ya stata kwenye karatasi. Washa friji na kila kitu cha kambi, lala nyumbani kwako, asubuhi pima tena. Betri ya stata isiwe imeshuka kwa kitu cha maana. Jaribu hili ufanye kwenye uwanja wa nyumbani, Makorora au Chumbageni ambapo jirani ana gari la kukushtua, sio Mkwaja.

Na friji lina kile kipimo cha kujizima, chini, kati, juu. Likiwa kwenye betri ya kambi ya asidi weka kati, likiwa kwenye betri ya stata weka juu siku zote. Mimi usiku ule wa Ushongo lilikuwa chini.

SOLA

Kwa ile hesabu ya Ah 65, paneli ya wati 160 siku ya jua la Tanga inakurudishia Ah 35 mpaka 45 kihalisia. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli ni za maabara, kwenye paa la moto zinapungua. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, siku ya mawingu mazito usihesabu hata nusu. Sisi tuko karibu na ikweta jua linapita karibu na utosi kwahiyo paneli ikilala bapa juu ya paa sio mbaya, tatizo ni kwamba kila mtu anapaki chini ya mwembe, na kivuli cha tawi moja kwenye kona ya paneli kinaua sehemu kubwa ya umeme. Ndo maana napendelea ya kukunja yenye waya wa 6 wa mita kama kumi, gari kivulini, paneli juani. Kontrola, ile inayopanga umeme wa paneli kabla haujaingia betri, chukua ya MPPT ukiweza, aina inayokamua umeme mwingi zaidi kwenye paneli. Kuunga, betri kwanza paneli baadaye, kutoa, paneli kwanza.

CHUMVI

Kila mwezi fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, changanya baking soda na maji ya uvuguvugu, piga na mswaki wa zamani, suuza, kausha, kaza, paka grisi ya betri au hata vaselini. Betri ya maji ongeza maji ya betri tu, ya bomba hapana. Fungua na vikasha vya fyuzi vya chini, hasa kama umevuka maji ya chumvi au umepita ufukweni, mi nimewahi kukuta fyuzi nzima kabisa lakini miguu yake imeota kijani na inapoteza karibu nusu volti. Kwenye droo beba fyuzi mbili za kila saizi, mita, na waya za kushtulia nene, sio zile nyembamba za plastiki nono.

Yule mzee wa Prado nilimtolea waya wote, nikamvutia kebo ya 16 mbili, chanya na hasi, chaja ya 25, fyuzi mbele na nyuma. Nikamwambia mzee leo friji usilizime, liache na maji ya kunywa ndani mpaka asubuhi. Saa moja kasoro akapiga simu, anasoma mita polepole kama anasoma barua: mbele kumi na mbili nukta sita. Nikamuuliza maji je? Akasema subiri, nikasikia mlango wa gari, kimya kidogo, alafu nikamsikia anakunywa.